Gari la Kuuza Halipandwi

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Kimara mliotuachia uwanja wenu na maji yenu tangu juzi, ndugu zetu wa Manzese mliofunga biashara zenu kuja kutusitiri, tumsifu Yesu Kristo, na ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Mimi naitwa Kokushubila, mwalimu mstaafu, dada wa marehemu ninayemfuata ziwa, na katika watoto wa baba yetu ndiye niliyegombana naye kuliko wote, ndiyo maana akanichagua mimi nimsomee historia yake, kwa kuwa alijua wengine wangempamba.

Nianze na jambo ambalo wazee wamenionya tangu jana nisiliguse. Mwezi uliopita, akiwa kitandani na akili zake timamu, kaka yangu aliniagiza kwamba siku ya kumzika, nikisoma historia yake, mwaka 2011 usirukwe, na usomwe mbele ya mtoto wake wa kwanza, Edgar. Wazee wanasema mambo ya ndani hayapelekwi kwenye kipaza sauti, nami nawaheshimu sana wazee wangu, lakini msiba ni wa Gaudens na agizo ni lake. Edgar bado hajafika hapa. Minong'ono nimeisikia, masikio yangu hayajastaafu, wengine mmeshahukumu kwamba amesusa kumzika baba yake, basi nawaomba mnivumilie, tutakwenda hatua kwa hatua na huko tutafika.

Marehemu Gaudens Leodegar alizaliwa tarehe 19 Machi 1954 huko Kamachumu, ambako leo ni wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Leodegar, mkulima wa kahawa, na Mama Adelina, wote wawili wametangulia mbele ya haki. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema, watu wakaanza kuogopa, na alipofungua kinywa neno lake la kwanza lilikuwa ni kukataa uji. Mnaomfahamu hamtashangaa.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kamachumu kuanzia mwaka 1962 mpaka 1968, akaendelea na sekondari mjini Bukoba, akahitimu kidato cha nne mwaka 1972, hesabu akiwa hodari, kuimba Mungu alimnyima kabisa, na kwaya nzima ya parokia hii ni shahidi. Baada ya mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa alikuja Dar es Salaam, na mwezi Agosti 1974 akaajiriwa kuwa karani wa stoo katika shirika moja la umma la usafirishaji, akapanga chumba Mtoni, akawa anakwenda kazini na shati lililonyooshwa mpaka unajiuliza analala wapi.

Hapo Mtoni ndipo alipokutana na Bupe, binti wa Tukuyu, mwalimu wa shule ya msingi, na mimi ndiye niliyewakutanisha, kwa hiyo sifa hiyo naichukua. Upande wetu palikuwa na kelele, kwamba Mhaya anakwenda kuoa mbali kiasi hicho, kwani mabinti wa nyumbani wameisha, na upande wa Tukuyu nako walikuwa na maneno yao, lakini wenyewe wawili walichobishana maisha yao yote ni ndizi za nani ni tamu, za Bukoba au za Tukuyu. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 11 Julai 1981, wakajaliwa watoto wawili, Edgar aliyezaliwa mwaka 1983, na Nunu aliyezaliwa mwaka 1988. Wanaoshangaa binti wa Kikatoliki kuitwa Nunu, jina hilo ni la mke wa Mzee Aidarus, muuza vipuri wa Manzese ambaye kaka alimzoea kwa kazi ya stoo; mama huyo ndiye aliyemtunza Bupe kama mdogo wake wa tumbo moja wakati wa uzazi mgumu wa binti huyu.

Mwaka 1991 shirika lilipunguza wafanyakazi na kaka yangu alikuwamo. Wenzake walipopokea mafao yao wengine walijenga, wengine walirudi kwao, wengine mnajua wenyewe, lakini yeye alikwenda kwenye mnada wa shirika lile lile akanunua pikapu bovu ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameliandikia vipuri kwa miaka mingi, akalisukuma na mafundi mpaka Manzese, mbele ya duka la Mzee Aidarus. Mzee Aidarus, shikamoo, nakuona hapo mbele. Huyu mzee, ambaye familia yao imeuza vipuri pale tangu barabara ya Morogoro haijapanuliwa, alimwangalia mteja wake wa zamani, sasa karani asiye na kazi, akamwambia aliweke tu gari lake hapo mbele ya godauni, kwa sababu mteja atakayekosa gari kwa Gaudens atanunua walau plagi kwa Aidarus. Pikapu likatengenezwa, likauzika, akanunua jingine, na jingine, na ilipofika Mei 1995 akapanga kiwanja cha jirani, akazungushia mabati, akaandika kwa mkono wake kibao cha Bupe Motors. Nilimuuliza kwa nini asiweke jina la ukoo wetu, akanijibu kwamba ukoo haujamfulia shati hata moja.

Ilikuwa yadi ya familia kwelikweli. Kaka aliosha magari yote mwenyewe kila asubuhi kabla jua halijawa kali, akaandika kwa chaki mwaka wa gari kwenye kioo, Bupe akitoka shule alipita kupika chai ya wateja, watoto wakaandika kazi zao za nyumbani juu ya boneti. Magari yalipoanza kuja kwa meli kutoka Japani, Edgar aliyajua kwa mlio wa injini, na wateja walimwita Injinia akiwa bado na kaptula ya shule.

Sasa niwaeleze sheria ya yadi ile, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyofuata. Mwaka 1997 kaka alimuuzia mwalimu mmoja wa Kibaha gari dogo, akamwambia limeteremka melini na halijatumika kabisa, wakati ukweli ni kwamba alikuwa amelitembelea wiki nzima kwa shughuli zake na kuwapeleka watoto shule. Baada ya siku chache yule mwalimu akarudi. Hakugomba, hakudai kitu, alitoa mfukoni soksi ya shule ya Edgar aliyoiokota chini ya kiti, akaiweka mezani, akanywa chai ya Bupe, akaaga. Kaka yangu aliona aibu ambayo sijawahi kuiona kwake tena, akakaa na soksi ile mbele yake mpaka jioni, na alipoinuka akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo gari la kuuza halipandwi. Halipandwi na yeye, halipandwi na mke, halipandwi na mtoto, linaoshwa, linawashwa injini, linazimwa, linamsubiri mwenyewe.

Na alikuwa hana mzaha. Mtu mwenye magari thelathini uwanjani alitoka Kimara kwenda Manzese kwa daladala, na baadaye kwa mwendokasi, amesimama, ameshika bomba. Mvua ya masika ilimnyeshea akiwa anafunga geti la yadi iliyojaa magari yenye heta. Manzese nzima wakampa jina la Kinyozi, kwa sababu kinyozi hajinyoi, naye aliitika bila kinyongo. Bupe alikuwa akitutania kwamba ameolewa na tajiri wa magari na viatu vyake vinaisha upande mmoja. Tulicheka. Wateja nao walimwamini, walitoka mpaka Morogoro na Lindi kuja kununua kwake, kwa sababu Gaudens akikuambia gari halijapandwa, halijapandwa. Heshima ya nyumba hii yote imejengwa juu ya sheria ile, na mimi mwenyewe niliisifu mbele za watu.

Mwaka 2011. Nausoma.

Jumapili tarehe 14 Agosti, baada ya misa, walikuwa wote yadini, Bupe amewapelekea chakula cha mchana, na Edgar, ambaye alikuwa amemaliza chuo na anafanya kazi na baba yake, alikuwa anapiga rangi kibao. Mnamo saa tisa alasiri Bupe alisema kichwa kinamuuma, akainuka kwenda kunawa, akaanguka mlangoni mwa ofisi. Edgar alimbeba mama yake mikononi mpaka kwenye gari lililokuwa karibu na geti, Noah nyeupe, lina kadi, lina namba, lina mafuta, limeshanunuliwa na mama mmoja mfanyabiashara wa hapa Kimara ambaye angelichukua Jumatatu. Akafungua mlango, akamlaza, akatia ufunguo. Baba yake akaufikia ule ufunguo akauchomoa, akamwambia, "Hili limeshapata mwenyewe. Ngoja nikaite teksi."

Akatoka mbio mpaka barabarani kuita teksi, siku ya Jumapili, na nyuma yake uwanja mzima wa magari.

Teksi ilipatikana, lakini ilichelewa. Bupe alifariki njiani, mikononi mwa mwanawe. Daktari alisema mshipa ulikuwa umepasuka kichwani kwa sababu ya presha, na mimi nilimuuliza kama wangewahi ingekuwaje, naye akasema hilo hawezi kulijua, kwa hiyo hata mimi silijui, na yeyote hapa atakayesema anajua ananidanganya. Ninachokijua ni kwamba kaka yangu alimpenda mke wake. Mkono wake ulikuwa umekataa watu magari yale kwa miaka kumi na minne, na siku ile ulikataa kabla akili haijafika. Alinieleza hivyo mwenyewe, akilia, na kulia kwa Gaudens mimi niliona mara mbili tu, kwa baba na kwa Bupe.

Makaburini, tulipomaliza kuweka mashada, Edgar alimsogelea baba yake mbele yetu sote na kusema kwa sauti ya kawaida, "Magari yako yote yako salama, baba." Halafu akaondoka. Akahamia Mtoni, akafungua biashara ya betri za magari kando ya barabara ya Kilwa, ikakua, akaoa, akapata watoto, na salamu za Krismasi akazituma kwa mdomo wa Nunu. Yadini hakukanyaga tena.

Hayo yote wengi wenu mnayajua, mmeyasema vibarazani miaka yote hii. Yafuatayo hamyajui, na Edgar pia hakuyajua.

Jumatatu ile yule mama wa Kimara alikuja kuchukua gari lake, akasimuliwa, akaufunga mlango taratibu, akasema yeye gari ambalo mgonjwa ameteremshwa humo hawezi kuliendesha, akarudishiwa chake akaenda. Kaka hakuliuza tena. Alilibandika bima, akalijaza mafuta, akalitoa nje ya mabati na kuliegesha upande wa barabara, ufunguo akautundika kwenye msumari dukani kwa Mzee Aidarus, kwa sababu duka lile ndilo la kwanza kufunguliwa na la mwisho kufungwa. Akamwambia Muhannad, mtoto wa Mzee Aidarus, kwamba mtu yeyote wa mtaa ule akiwa na mgonjwa, awe Mkristo, Mwislamu, mpangaji, mlevi, apelekwe, na asiulizwe kitu. Kila Jumamosi kaka yangu alilijaza mafuta na kulisafisha viti kwa mikono yake.

Ndugu zangu wa Manzese, wangapi hapa mmepanda Noah ile? Naona mikono. Shusheni, nisije nikashindwa kuendelea. Mlidhani ni gari la Mzee Aidarus, kwa kuwa ufunguo ulikuwa kwake na dereva ni mwanawe, na Mzee Aidarus alikubali kubeba sifa isiyo yake kwa sababu aliombwa. Kuna watoto wawili wamezaliwa humo ndani kabla ya kufika hospitali, mmoja Wakristo wamemwita Noah, wa pili Waislamu wamemwita Nuhu, na wanasoma darasa moja.

Mimi nilimwambia kaka yangu, tena si mara moja, mwambie mwanao. Akakataa. Alisema akimwambia Edgar itakuwa kama anamwonyesha risiti, kwamba mama yako nimeshamlipia, na mtu halipiwi. Nikamwambia wewe ni mjinga, na mjinga mwenye kiburi ni mzigo kwa ndugu zake. Akanikaribisha chai. Ndivyo alivyokuwa, mtu mgumu, mwema, mwenye kunyamaza palipohitaji neno, na ninamlilia pamoja na ugumu wake.

Mwaka 2019 alimkabidhi Nunu yadi, naye ameiendesha vizuri kuliko baba yake, nasema hivyo hata kama yumo ndani ya jeneza ananisikia. Mwezi Juni 2022 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume, akapata matibabu, akapata nafuu, akarudi kuosha magari huku akikatazwa na kila mtu, na Novemba mwaka jana hali ikabadilika. Mwezi Januari Edgar alikuja kumwona. Nilitoka nje nikawaachia chumba, nikarudi nikawakuta wanazungumzia betri, ipi inadumu kwenye joto la Dar es Salaam na ipi inakufa mapema, alasiri nzima betri, watu wazima wawili. Alipoondoka ndipo kaka akanipa agizo hili ninalolitekeleza. Alisema, "Mimi nimeshindwa kumwambia. Wewe mdomo unao."

Alifariki dunia Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, Nunu na mimi tukiwa kando yake. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, ndugu zake, na yadi ambayo nasikia baadhi ya wazee wa ukoo wameshaitafutia mnunuzi, kwa hoja kwamba mtoto wa kwanza haitaki. Hilo mtalizungumza siku ya kuanua matanga, na mimi nitakuwepo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka hii mitatu, na hasa muuguzi aliyekuwa akimruhusu asikilize taarifa ya habari kwa sauti kubwa kinyume cha utaratibu. Tunaishukuru parokia na jumuiya yetu ndogo ndogo, majirani wa Kimara, wafanyabiashara wa magari wenzake waliofunga yadi zao leo kumheshimu mshindani wao, mafundi, na walimu waliosoma na kufundisha na Bupe. Familia ya Mzee Aidarus sitawashukuru, kwa sababu nyie ni wenye msiba.

Sasa nimalizie na la leo asubuhi, maana nalo ni sehemu ya historia yake.

Saa moja Muhannad aliondoka na wenzake kwenda kuuchukua mwili. Maturubai yalipungua hapa, nami nikampigia simu Edgar, akiwa bado kwake Mtoni, nikamtuma apitie yadini alete mengine yaliyokuwa stoo, nikijua fika kwamba hajakanyaga pale tangu mama yake, na nilimtuma kwa makusudi. Alikwenda. Alikuwa amesimama getini, Mzee Aidarus ananiambia alisimama muda bila kuingia, ndipo Fakihi, kijana anayekaanga chipsi nyuma ya duka, akaja mbio amemshika mkewe, uchungu umemshika, mtoto amekaa vibaya. Dereva hayupo. Mzee Aidarus akautoa ufunguo msumarini, akampa Edgar. Edgar akaitazama ile Noah nyeupe, akaitambua, akauliza, "Gari hii ni ya nani?"

Mzee Aidarus akamjibu, "Ya mama yako. Iwashe."

Akaiwasha, akaenda. Kwa kuwa gari lilikwenda, Mzee Aidarus, na umri huu, amefika hapa kwa bajaji kuja kunieleza, na mlipomwona anashuka amejaa vumbi mkacheka. Edgar amekaa hospitali saa zote hizi tunazonong'ona habari zake, alimwambia Nunu kwa simu kwamba haondoki mpaka amwone yule mama ametoka mzima. Nilipokuwa nasoma Nunu amenipenyezea kikaratasi hapa. Mke wa Fakihi amejifungua mtoto wa kike kwa upasuaji, mama mzima, mtoto mzima, na Edgar yuko njiani.

Mmeona nimesoma polepole, na wengine mmeangalia saa. Baba Paroko, naomba jeneza lisitoke uwanjani hapa kwanza, tulikaze turubai hili lililopo tukae. Mwaka 2011 nimeusoma yeye hayupo, agizo nimelivunja, na akifika sitaurudia, nitampisha tu asogee akae karibu na baba yake.

Pumzika kwa amani, Gaudens, kaka yangu, mbishi wangu. Ila ngoja kidogo. Mwanao ameshafika Ubungo, anakuja na gari la mama yake.